Lubugo ya Paa la Gari: Kwako, Tata Datius Kyaruzi

Mwaka umetimia, Tata, baba yetu, tangu ulipotutoka pale nyumbani Kagoma, na sisi bado tunakuuliza maswali kana kwamba umefika tu Muleba kununua misumari. Familia nyingine humwambia marehemu wao apumzike kwa amani. Nasi tunakuombea hivyo, lakini tungependa kwanza utujibu.

Ulikuwa fundi wa bodi za magari ya kale, yale ambayo fremu ni ya mbao, bati limepigiliwa juu yake, na paa ni turubai la kukunja. Watu walikucheka. Nani huku kwetu ana gari la namna hiyo? Ulikuwa nalo wewe, moja tu, lililokuja limeoza hadi sakafu na kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Ulilijenga upya kwa mbao za musizi. Mbavu za paa ulizipika kwa mvuke ndani ya pipa, mdomo wa pipa ukiwa umefunikwa kwa majani ya migomba, kisha ukazikunja zingali za moto huku ukitafuna punje za emwani, ile kahawa yetu ya kutafuna. Ole wake aliyekuja kukusalimu wakati huo.

Mlango ukikamilika uliufunga, ukatega sikio, ukaufungua, ukaufunga tena. "Huu bado unalia," ulisema, ukaanza kuung'oa. Sisi hatukusikia kitu. Lakini jirani aliyehitaji kitanda cha mtoto hukumwambia asubiri. Uliliacha gari, ukamtengenezea.

Mama ulimwahidi kwamba paa likiisha utalikunja nyuma, umpakie kiti cha mbele, mwende Misa kwao Nshamba, ndugu zake wamwone vizuri. Naye akanunua kitenge kipya. Halafu ukaugua, ukaondoka, paa likiwa na turubai la nje tu, ndani bado halina bitana.

Hapo ndipo tunapochanganyikiwa. Siku ya msiba, Shangazi Restituta alifungua sanduku lako la nguo akatoa lubugo, ile nguo ya magome ya mti waliyozikwa nayo babu zetu. Ilikuwa mpya, pana, laini. Shangazi akalia, akasema, "Mnaona? Kaka yangu alijiandalia mwenyewe." Nani angembishia? Tukakufunika nayo, tukakuzika nayo, na kusema kweli tuliona fahari.

Arobaini haijafika, akaja Kaijage, mwenzako wa karakana. Alitupa pole upya, akanywa uji, kisha akasema kwa upole, "Naomba ile lubugo ya paa, nikate bitana." Kaka yangu Avit aliinuka akatoka nje.

Tata, ile lubugo ilikuwa ya nini? Kaijage anasema mliipima pamoja, mkaacha na nafasi ya mikunjo. Shangazi anauliza ni fundi gani anayeweka kitambaa cha gari katikati ya mashati yake ya Misa. Mama anasema alikuona ukiitandaza juu ya paa. Anasema pia kwamba asubuhi moja ya baridi alikukuta umekaa ndani ya gari, umejifunika nayo, umetulia sana. Tukimbana achague upande, anajibu, "Sijui, waitu, wanangu. Niliolewa naye nikiwa binti, na sijui." Yeye ndiye tunayeshindwa kumtazama usoni, maana kama Kaijage yuko sahihi, basi tulikuzika na ahadi uliyompa Mama.

Avit akaleta kitambaa cha sofa kutoka dukani kwake Miembeni. Kaijage akakishika, akakirudisha, akasema itafutwe lubugo nyingine. Shangazi akasema lubugo ya marehemu haina nyingine. Tulibishana mpaka ndizi zikaungulia jikoni.

Juma lililopita Mama alituomba tulisimamishe paa. Akapanda, akakaa kiti cha mbele, akatazama juu kwenye mbavu zile tupu. Kisha akasema, "Liacheni hivyohivyo. Kama ilikuwa yangu, nimempa."

Kwa hiyo Jumapili hii Kaijage ataendesha, Mama atakaa mbele na kitenge chake, nasi tutafuata nyuma hadi Nshamba kwenye Misa ya kukuombea. Paa tutalikunja.

Unakumbukwa na mke wako Benigna. Wanao Avit na mimi Elieth, niliyeandika haya. Dada yako Restituta, ambaye hajabadili msimamo. Rafiki yako Kaijage. Wakwe zako, wajukuu zako na majirani wote wa Kagoma. Hatujakuelewa, Tata. Tunakupenda sana, na kukusahau hatutakusahau kamwe.