Injini ya Mkaa na Kifo cha Athanas

Mgodini, Geita
14 Machi 1952

Kwa kaka yangu mpendwa Jilala,

Shikamoo, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Bernadina na watoto, na kwamba mvua hazikuwaharibia mtama huko Samuye. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na kwa sababu hiyo leo naandika mengi kuliko kawaida yangu. Nakuomba uisome peke yako kwanza, mpaka mwisho.

Ulipokuja kuchukua mwili wa mdogo wetu Athanas, uliniuliza kazi yetu ilikuwaje, nami nikakujibu kwa maneno mawili matatu. Sasa nakueleza. Mashine za kusaga mawe ya dhahabu hapa zinaendeshwa na injini isiyotumia mafuta. Mkaa unachomwa katika tanuri lililofunikwa, unanyimwa hewa ya kutosha, unatoa gesi, na gesi hiyo ndiyo chakula cha injini. Mimi nilikuwa msimamizi. Athanas alilisha tanuri na kupaka grisi. Watu walituita Wana wa Mkaa, na jina hilo tulilipenda.

Ubaya wa injini ile ulikuwa unyonge. Mawe yakizidi kidogo inakohoa, inazimika. Basi mwezi wa Oktoba Bwana Fundi, yule Mzungu mkuu wa karakana, akafunga kifaa kipya: gurudumu lenye mapanga madogo, linalozungushwa na moshi wa injini yenyewe unapotoka, nalo likizunguka linashindilia gesi na hewa ndani kwa nguvu. Kaka, ungeisikia siku ile! Ilipiga mluzi mpaka wanawake wakatoka majumbani, na mawe yaliyokuwa yakiishinda ikayasaga kama karanga. Athanas alicheza pale pale mlangoni, masizi mwili mzima.

Bwana Fundi aliniita kando akanionya. Alisema zamani injini iliivuta gesi yenyewe, hivyo bomba likitoboka huingia hewa tu, nguvu ikapungua. Sasa gesi inasukumwa. Kiungo kikilegea, itatoka nje, na mtu akiivuta atalala asiamke. Akaniagiza nipake maji ya sabuni kwenye viungo kila asubuhi, na nikiona mapovu yanafura nizime injini papo hapo.

Siku aliyokufa, Jumatano, mvua ilianza saa sita mchana. Nilikwenda stoo kuchukua grisi, na yeye akafunga mlango na madirisha maji yasiingie. Niliporudi nilimkuta ameketi, ameegemea ukuta, kofia mapajani, kama mtu aliyepumzika. Nilimbeba mwenyewe hadi nje mvuani nikimwita. Hakuitika. Zahanati waliandika kuwa moyo ulisimama.

Juma lililopita Paskalia, mjane wake, alikuja kuchukua sanduku la nguo, akanisimulia ambayo wewe hukuniandikia. Alisema waombolezaji waliona midomo ya marehemu myekundu kama ya mtu aliye hai, wakaogopa. Mfumu, yule mpiga ramli, akaulizwa, akamtaja Mayu Mbuke, mke mdogo wa marehemu baba. Nyumba yake ikachomwa, na wewe, kaka, ndiye uliyemwambia aondoke. Sasa analala jikoni kwa watu Kahama. Mayu Mbuke, aliyemnyonyesha Athanas mama alipofariki!

Kaka, hakuna aliyemroga Athanas. Nimemuua mimi.

Jumanne asubuhi niliona mapovu kwenye kiungo cha juu. Sikuzima injini. Alhamisi walikuwa waje wageni wa migodi mingine kuitazama, na Bwana Fundi alikuwa ameahidi kuwaambia kwamba Mwafrika ndiye anayeiendesha. Niliogopa kwamba ikifunguliwa haitakuwa tayari. Nikazungushia kamba, nikanyamaza. Jumatano Athanas alilalamika kwamba kichwa kinamgonga na miguu haina nguvu. Nikamwambia, “Hiyo ni pombe yako ya Jumapili.” Akacheka, akarudi kwenye tanuri. Ile midomo ni gesi iliyoifanya hivyo. Ndivyo inavyofanya damu.

Na baya zaidi: baada ya kumlaza mvuani, kabla sijaita watu, nilirudi ndani nikazima injini, nikaondoa kamba na kukaza nati za kile kiungo, ili akija mtu asione kitu. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jana nilimweleza Bwana Fundi yote. Alinyoosha mkono nimpe funguo. Amesema polisi wataniita, nami nimemjibu kwamba nitakuja wakiniita. Kesho napanda lori la Kahama nikapige magoti mbele ya Mayu Mbuke. Sijui kama atakubali kuniangalia.

Nawe nakuomba jambo moja. Waite wote waliokuwapo siku nyumba ilipochomwa, uwasomee barua hii kwa sauti, usiruke mstari. Kisha mkamrudishe Mayu, mumjengee. Hasira mliyommwagia yeye ilikuwa yangu. Niwekeeni, nakuja kuichukua.

Msalimie shemeji Bernadina, na watoto kila mmoja kwa jina lake. Paskalia usimpe salamu zangu, nitamwambia mwenyewe.

Aliyekuwa mdogo wako, na akitaka Mungu atakuwa tena,

Herman