Zamu ya Ngazi

Jumatatu, 16 Oktoba

Mpangaji mpya wa chumba cha darini amefika. Mvua tangu asubuhi. Ana sanduku moja kubwa, begi la mgongoni, na koti ambalo halitamvusha hata Novemba. Anaitwa Mialy. Anatoka Madagaska — nyanda za juu, siyo pwani, alinisahihisha kabla sijamaliza kuuliza. Amekuja chuo kikuu kusomea udongo. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote na sijawahi kukutana na mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya udongo! Nikataka kumbebea sanduku. Akakataa. Nikashika mpini mmoja, naye hakuachia wa pili. Tukapanda hivyo hadi juu, tunagongana kila kona.

Bwana Schwenk, mwenye nyumba, amempa chumba kwa majaribio mpaka mwisho wa Novemba. "Wapangaji wakiridhika, nampa mkataba," kaniambia. Wapangaji maana yake Bi Pfleiderer wa chini. Mimi na mke wangu Annegret wa katikati hatuhesabiwi. Sisi huridhika na kila kitu. Mabweni ya Tübingen yamejaa. Akikosa hapa hana pa kwenda, isipokuwa kochi la mwenzake wa darasa kule Reutlingen.

Jumatano, 18 Oktoba

Nimemweleza Mialy mambo ya takataka. Pipa la karatasi, la maganda, la mifuko ya njano, la mabaki. Nikamweleza na sababu zake, maana kanuni bila sababu haikai kichwani. Tulisimama uani mpaka miguu ikafa ganzi. Alisikiliza vizuri sana.

Niliporudi ndani Annegret akaniuliza kama binti amekula.

Sikuwa nimeuliza.

Jumapili, 22 Oktoba

Mialy kawasha mashine ya kufulia asubuhi. Bi Pfleiderer akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio — dari yake ndiyo sakafu yetu, kwa hiyo tuliogongewa ni sisi! Nikapanda kumweleza.

"Kwa hiyo Jumapili kufua ni dhambi, Mwalimu?"

"Si dhambi. Ni kelele. Jumapili tunapumzika, hata kuta zinapumzika."

Alicheka, akaizima. Nguo zikalala majini mpaka Jumatatu. Mtu mwepesi kuelewa. Napenda kumfundisha mtu wa namna hii.

Jumanne, 31 Oktoba

Tumemwalika chakula cha jioni. Annegret alipika dengu na tambi zetu za mayai. Mialy alikula, akasifu, akala tena. Kisha akatazama pande zote za meza, kwa heshima kabisa: "Na wali unakuja baadaye?" Kwao chakula bila wali si chakula, ni kichangamsha kinywa tu. Annegret alicheka mpaka akashika ubavu.

Basi akaombwa apike mwenyewe. Wali ukashika chini — nilidhani umeungua, nikataka kumpoza moyo. Kumbe makusudi! Alipakua, akamimina maji kwenye sufuria lenye ukoko, akachemsha, akatumiminia vikombeni. Maji ya rangi ya dhahabu, yananukia moshi. Nikaanza kueleza kwamba wanga ukipata joto kali… Annegret akasema, "Kunywa, Eberhard."

Annegret mwenyewe akarudia kikombe cha pili, yeye ambaye hata chai huacha nusu.

Jumapili, 12 Novemba

Leo Bi Pfleiderer ametundika kibao cha zamu kwenye mlango wa Mialy. Kibao chenyewe ni kile kile cha mbao, cha tangu enzi za baba yake Schwenk. Kikiwa kwenye kitasa chako, wiki hiyo ngazi ni zako: kufagia, kupiga deki, na majani ya mbele ya nyumba mpaka ukingo wa barabara. Yote yawe tayari Jumamosi. Watu wa mikoa mingine hutucheka sisi Waswabi, wenyeji wa huku Tübingen, kwa jambo hili. Wacheke. Ngazi zao tumeziona.

Nilikwenda kumweleza. Kona. Vishikio vya ngazi. Chini ya zulia dogo la mlangoni, ambako Bi Pfleiderer hupitisha kidole. Mialy alikuwa amekishika kibao kwa mikono miwili.

"Kwetu mgeni haruhusiwi kushika ufagio," akasema. "Mgeni akifagia, wenye nyumba wanaona aibu. Ukiona umepewa, ujue umeshakuwa mtu wa pale."

Akakirudisha kitasani, akakinyoosha, akarudi nyuma kukitazama, akakinyoosha tena.

Wapo wasemao mgeni siku ya tatu apewe jembe. Sisi tumechelewa kidogo, lakini tumempa.

Jumamosi, 18 Novemba

Siku ya wasiwasi. Mialy alitoka alfajiri kwenda msituni na darasa lake, kuchimba mashimo na kupima tabaka za udongo. Ngazi hazijaguswa. Majani yamejaa mlangoni.

Alasiri Bi Pfleiderer alinikuta kwenye sanduku la barua.

"Mwalimu, umeziona ngazi, au ni macho yangu yamezeeka?"

"Bado mapema, Bi Pfleiderer."

"Mapema! Taa za barabarani zinakaribia kuwaka! Kesho Schwenk anakunywa kahawa kwangu. Ataniuliza habari za binti. Mimi sina ubaya naye, lakini uongo sisemi, hata kwa ajili ya mwanangu."

Mialy akarudi jua likiwa limekwisha kuzama. Matope mpaka magotini, midomo ya buluu, lakini anacheka. "Habari za jioni, Mwalimu!" Akapanda. Nikasubiri nisikie ufagio. Nikasikia maji ya bafuni. Kisha kimya.

Nikachukua ufagio wetu. Annegret akasema niuweke chini, hiyo si zamu yangu. Nikamwambia binti amechoka, na kesho Schwenk anakuja, na chumba kitapotea kwa sababu ya majani! Akasema basi mgongee mlango umuulize. Nikaona kumgongea ni kumwaibisha. Msaada mzuri ni ule usioonekana.

Nilianzia mlangoni kwake. Mwanga ulionekana chini ya mlango. Nilifagia polepole, nikapiga deki, nikashuka hadi barabarani. Kibao nikakihamishia kwetu, maana baada yake zamu ni yetu. Nilipokwisha kuurudisha ufagio ndani, Bi Pfleiderer alichungulia, akazitazama ngazi, akafunga mlango.

Kazi imekwisha. Naumwa kiuno lakini moyo mweupe.

Jumapili, 19 Novemba

Asubuhi, nyumba nzima kimya, nikasikia hatua nyepesi. Nikafungua. Mialy kwenye ngazi, kitambaa kichwani, ufagio mkononi, ndoo pembeni. Anatazama ngazi safi. Anatazama kitasa chetu chenye kibao.

"Pumzika, binti yangu!" nikasema kwa furaha. "Nimeshamaliza jana."

Alinitazama. Akasema, "Asante, Mwalimu." Akapanda na ndoo yake, kwa uangalifu, maji yasimwagike.

Mchana Schwenk alikunywa kahawa, akatoka anatabasamu. Bi Pfleiderer kamwambia ngazi zilikuwa safi. Atamletea Mialy mkataba wiki ijayo! Nilipanda mbio kumpa habari, na kipande cha keki. Alipokea keki. Akasema anashukuru sana, ila mwisho wa wiki anahamia Reutlingen, kwa mwenzake.

"Kwenye kochi?"

"Ni kochi zuri, Mwalimu."

Sielewi. Nimeandika sentensi hiyo na kuikata, na sasa nimeiandika tena.

Jumanne, 21 Novemba

Annegret alipanda jana na akakaa huko muda mrefu. Leo asubuhi ndiyo akaniambia, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

Kwa nyanya yake Mialy, giza likiingia ufagio unasimamishwa pembeni. Anayefagia gizani anafagia nje riziki ya nyumba. Na afagiaye gizani mlangoni pako — huyo anakuondoa. Jumamosi Mialy alikuwa ameketi kitandani anasikia ufagio unapita kizingitini, unapita, unapita.

Nikasema, lakini mimi sikujua! Annegret akasema Mialy analijua hilo, hajakasirikia giza. Alijiambia hawa ni watu wa hapa, hawana mwiko huo. Alipanga kufagia Jumapili kukikucha. Ufagio hauna kelele, alifikiri. Tena nikiamka mapema nitawafurahisha. Kilichomuumiza ni kibao. Walinipa zamu, kasema, kisha wakaona mkono wangu haufai, wakaninyang'anya.

"Ulimweleza kila kona ya ngazi," Annegret akasema. "Kwamba Jumapili haifai hukumwambia. Wala hukumuuliza kwa nini jana yake alishindwa."

Nikapanda. Nikaeleza. Nilieleza nia yangu, nikaeleza desturi, nikaeleza tabia ya Bi Pfleiderer na historia ya nyumba. Mialy alisimama na kichwa kimeinama upande. Namjua mwanafunzi anayesimama hivyo: anasubiri kengele.

"Nimekuelewa, Mwalimu. Kweli."

Sanduku lilikuwa wazi kitandani. Vitabu vimeshaingia.

Jumatano, 22 Novemba

Sikulala vizuri. Mkataba unaokuja umesimama juu ya ufagio wangu, siyo wake. Nikimwambia Bi Pfleiderer ukweli, huenda chumba kikapotea kabisa. Nikinyamaza, chumba kipo lakini mtu hayupo. Nilitembea hadi mtoni na kurudi nikilipima hili. Kisha nikabisha hodi chini.

"Ngazi za Jumamosi nilifagia mimi."

Bi Pfleiderer alikunja mikono. "Nilihisi! Kona ya dirisha la pili iliachwa. Yule binti asingeiacha, nimemwona anavyopanga viatu vyake." Ndipo uso ukabadilika. "Kwa hiyo umenifanya nimdanganye Schwenk. Kwenye meza yangu mwenyewe, na keki yangu!"

Nikakiri. Nikaomba zamu irudishwe kwa Mialy, wiki hii hii, ingawa ni yetu.

"Irudishwe ili nini? Si anahama?"

"Ili awe nayo."

Bi Pfleiderer akasema, haya, lakini Jumamosi atasimama mlangoni aone kwa macho yake. Na Schwenk akija na mkataba atamwambia alichokiona, siyo alichosimuliwa. "Na mwambie binti: mchana kweupe, siyo Jumapili!"

Kinywa kilikuwa kimeshafunguka kusema nitamwambia, nitamweleza vizuri. Nikakifunga.

"Mwambie mwenyewe, Bi Pfleiderer."

"Mimi? Na magoti haya? Nipande ngazi zote hizo?"

Nikamkabidhi kibao.

Alhamisi, 23 Novemba

Amepanda! Nilimsikia akihema kila kituo cha ngazi. Maneno sikuyapata, ila sauti yake ikipanda na ya Mialy ikishuka, kisha kinyume chake. Kisha mmoja akacheka, sijui yupi. Akashuka bila kunitazama.

Kibao kiko kwa Mialy. Kimekaa upande. Hajakinyoosha.

Jumamosi, 25 Novemba

Theluji ya kwanza, ile nyepesi inayoyeyuka ikigusa jiwe. Sanduku la Mialy liko chini, karibu na mlango wa nje, limefungwa. Mwenzake anakuja mchana na gari la kaka yake. Schwenk naye anakuja mchana. Annegret amepika wali, umeshika chini kwa kweli, siyo kwa makusudi, na hajui ampelekee au asimpelekee.

Naandika jikoni. Mlango nimeuacha wazi kidogo. Annegret anasema ni baridi. Nasema ni hewa.

Ufagio!

Ni yeye. Mchana kweupe. Lakini ameanzia barabarani, anapanda nao kuja juu. Anafagia kuelekea ndani! Kila ngazi anayoisafisha, vumbi linakwenda kwenye ngazi ya juu yake. Hakuna anayefagia hivyo. Nimesimama. Annegret kanishika mkono wa sweta.

Mlango wa chini umefunguka.

"We binti! Ufagio unatoka juu unashuka! Hilo vumbi unalipeleka wapi, mbinguni?"

"Nalipeleka juu, Bibi, nilizoe kwa kizoleo. Sitaki kukitoa kitu mlangoni kwa watu."

"Hivyo sivyo! Tangu nyumba hii ijengwe hakuna —"

"Wiki hii zamu ni ya nani, Bibi?"

Nayajua majibu yote mawili, yetu au yake, nayajua na maelezo yake. Annegret hajaniachia.

"Yako," Bi Pfleiderer kasema.

Ufagio umeanza tena. Umefika kituo cha kwanza. Nje gari limesimama, honi imelia mara moja, fupi. Sijui ni Schwenk au ni mwenzake. Schwenk hapigi honi.

Ufagio unapanda.

Honi tena. Bi Pfleiderer anatoka nje na slipa zake, namsikia. Anamwambia mtu asubiri, kuna watu wako kazini.

Sasa ufagio uko mlangoni kwetu. Unapita kizingitini, pole pole, kona na kona. Umeinua zulia. Annegret ameziba mdomo kwa kiganja. Mimi sifungui. Sifungui, sisemi kitu.