Sentensi ya Bibi, Mara Tatu

Rahel acha unachofanya, kaa chini. Martina wetu leo kaumbuka hapa Mandewa.

Si unajua anavyofundisha isimu kwa mtindo wake, kitabu kando, mwanafunzi aanze na mdomo wa mwenye lugha. Basi kawaleta wanafunzi kwa bibi yake Chediel, yule kijana msaidizi wake, warekodi Kinyaturu.

Akamwomba bibi aseme "Mtoto amekula ugali." Bibi akagoma. Mtoto gani, na hatujapika? Ile ya "Mbuzi wamekufa" ndiyo kabisa, alimtazama kama mchawi.

Martina jasho. Akasema haya bibi, sema lolote lililo kweli.

Bibi akaacha kupeta mtama, akatamka sentensi moja. Wanafunzi, wengi Wanyaturu, wakainama, mabega yanacheza kwa kicheko. Martina, Mgogo wa Manyoni asiyejua hata salamu ya Kinyaturu, akafurahi kama kapewa ng'ombe. Na kanuni yake unaijua, kila sentensi irudiwe mara tatu.

Mara tatu, Rahel. Bibi kairudia mara tatu, tena kwa sauti.

"Chediel, tutafsirie."

Chediel anakwaruza kava la simu kwa ukucha, na simu bado inarekodi.

"Anasema, 'Mwalimu huyu anampenda mjukuu wangu, ila wote wawili ni waoga.'"



Kila mtu alijua Martina atakana. Hakukana. Alifungua daftari, akaandika mbele ya darasa zima: Sentensi ya kwanza. Ni kweli.