Gauni la Yule wa Kwenye Ukungu

Jumatano, 9 Julai 2025. Butembo

Nimenunua kadre, fremu ya picha, kwa Melchior, jirani anayeuza vitu vikuukuu. Aliitoa Musienene, katika nyumba ya zamani ya Wazungu. Nilitaka kioo na mbao tu, nitundike brevet yangu, cheti cha ushonaji. Picha ya ndani ningewashia makaa. Sasa nimeitazama — na brevet imerudi sandukuni! Ni picha ya kuchapwa kwa wino, kijivu na buluu, chini wameandika 1893. Mwanamke peke yake kando ya maji, ametugeuzia mgongo. Ukungu umekula vingine vyote. Na gauni lake halina kiuno! Marinda yanaanza shingoni, yanashuka mpaka chini bila kukamatwa popote. Nani alishona hivyo?

Alhamisi, 17 Julai

Wateja wananipa pole. Kweli! Mtu mmoja ukutani, ndani ya kioo — basi ni marehemu. Mama mmoja kauliza kama ni mama yangu mzazi. Mzungu yule! Nimechoka kueleza, naitikia asante.

Mmoja tu hakunipa pole: Joyeuse, mwalimu wa Beni, anaolewa tarehe 2 Agosti. Alikuja kupimwa gauni la kawaida, la kubana. Akaitazama picha, akaitazama.

— Mama Kanyere, minataka ile.

Nikamwambia mbele yake hatuioni.

— Mbele utatunga weye. Kanisani batu banaonaka mugongo tu.

Ana haki! Misa nzima bibi harusi amewapa watu mgongo, na sisi mafundi tunamaliza shanga zote kifuani. Nimekubali.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa (Mungu anisamehe) nimejaribu kwa shuka kuukuu. Limetoka chandarua! Nimefumua. Nimeshona tena. Chandarua kingine. Lakini yule wa 1893 hakuvaa chandarua. Sishindwi na mtu ambaye hata uso hajanionyesha.

Jumanne, 22 Julai

Nimepata! Kazi yote iko ndani. Chini ya gauni kunafichwa kizibao cha kubana, kimefungwa kwa kamba mgongoni, na marinda yananing'inia juu yake kutoka mabegani. Nje gauni linaachia, ndani limekaza. Nimecheka peke yangu kama kichaa.

Jumatatu, 28 Julai

Joyeuse amekuja kujaribu, pamoja na wifi yake Ngalula, dada wa Valère, bwana harusi. Ni watu wa Kasai. Mume wa Ngalula ni mwanajeshi, amepangiwa kazi Beni. Joyeuse akavaa. Ngalula akalizunguka gauni.

— Bongo, sasa kiuno iko wapi?

— Hakuna, dada Ngalula, akasema Joyeuse.

— Ah non! Batu batasema uko na mimba. Batasema kaka yangu banamulazimisha!

Anataka mkanda wa satini, upana wa kiganja. Tena ile foto ya maiti itoke hapa.

Mimi ndiye ninayempima Joyeuse. Hakuna mimba. Na hata ingekuwepo! Nikataka kumfunulia Ngalula kile kizibao, aone kamba zilivyokaza, maneno yaishe. Joyeuse akanishika mkono.

— Hapana, mama. Siko mbele ya tribunali. Nikimuonyesha leo, kesho atataka nini?

Ngalula akatoka bila kuaga. Joyeuse akalia kidogo, akapangusa, akauliza kama tutamaliza. Tutamaliza! Nampenda huyu binti.

Ijumaa, 1 Agosti. Beni, Mulekera

Tumefika. Nilipakata gauni njia nzima, limefungwa kwenye nailoni. Vumbi juu yangu, hakuna doa juu yake. Barabara ilikuwa tulivu, tunashukuru.

Mama yake Joyeuse naye ameanza habari ya mkanda: kamukaba kadogo tu, kwa ajili ya amani. Valère kapiga simu, kasema avae anachopenda — lakini kwa sauti ya chini sana. Dada yake alikuwa karibu, bila shaka. Joyeuse kala vizuri, kalala mapema. Mimi ndiye bado nakagua mishono.

Jumamosi, 2 Agosti

Naandika nimesimama. Gari liko nje, linapiga honi. Joyeuse amevaa. Mgongo ule, Mungu wangu! Hata mama yake ameusahau mkanda.

Ngalula ameingia na mkanda wake. Ameniambia niufunge, mimi ndiye fundi. Nimejibu kazi yangu imeisha. Joyeuse kasema polepole, bila hasira: na mukaba, haendi, bila mukaba, anaenda, hata kwa miguu. Padri anangoja.

Ngalula amepita nyuma yake, mkanda mikononi. Anapapasa, anatafuta kiuno, pa kuanzia. Rinda moja limejikunja karibu na sakafu — ameliona. Ametupa mkanda begani, amepiga magoti na kitenge chake kipya, analinyoosha kwa viganja, taratibu. Sasa la pili. Sasa la tatu. Honi tena.

— Bangoje! anafoka Ngalula, bila kuinua kichwa.

Mkanda bado uko begani mwake —