Mfuko Ulioachwa Mlangoni

Schaerbeek, Brussels

Mdogo wangu Zulekha,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako limeacha kiburi. Sisi huku hatujambo. Baridi ilijaribu kuniangusha mwezi uliopita, nikaipiga mweleka. Sasa ikiniona inavuka barabara.

Uliponiletea mwanao Raya ulisema nimfunze kuishi peke yake, nawe hukukosea, maana Ubelgiji nzima hakuna mwalimu kama mimi. Nimemfunza kufua, kushona kifungo, kutoa hewa kwenye chuma cha kupasha chumba moto. Siku ya chuma hicho, fundi wa jengo, Mbelgiji mwenye diploma tatu, alikaa kwenye ngazi akajifunza naye. Muulize Mustafa, yule Mturuki wa ghorofa ya chini, ingawa siku hiyo hakuwepo.

Pilau yake ya kwanza iliungua, nikamwambia hata kuku aliyemo angekataa kuila. Akanijibu kwamba kuku huyo alishakufa mapema, kwa kusikiliza hadithi za mjomba. Ulimi wa bibi yetu ule! Siku hizi anapika yeye, nami naongeza sahani.

Sasa amepata chumba Etterbeek, karibu na chuo, na wewe umeshikilia kwamba hahami mpaka mjomba wake aseme ndiyo. Nilikuandikia kwamba bado, hata taka hajui kutenganisha. Huku taka zina mifuko ya rangi. Chupa za plastiki na makopo huingia mfuko wa bluu, na ukichanganya, wazoa taka wanakuachia mfuko mlangoni na karatasi nyekundu juu yake, majirani wote waione. Wa Raya uliachwa hivyo, ukaachwa tena, kwa miiba ya samaki iliyokutwa ndani. Aliufungua pale pale barabarani, akachambua kwa mikono. Kisha akaja kuniuliza kama kweli yeye ni mzito wa kujifunza.

Zulekha, miiba ya samaki niliitia mimi. Akishafunga mfuko, mimi nafungua, natia, nafunga vilevile. Mtoto hakukosea kitu. Kabla hajaja nilikuwa nakula nimesimama jikoni, televisheni ikiongea na ukuta. Hadithi zangu zote hizi, ndugu yangu, sikuwa na wa kunikatiza.

Jana nilimwambia. Hakupiga kelele. Aliosha vyombo, vyake na vyangu, akasema bado anangoja neno langu.

Basi neno langu ni hili: Raya yuko tayari, tena zamani. Ahame. Jumamosi Mustafa ataleta gari, na godoro nitalishusha mimi mwenyewe, kwa mkono mmoja.

Wasalimie shemeji na watoto, na jirani yako anayenidai hadithi ya simba. Wiki ijayo ukipiga simu, nakuomba upige mbili. Ya kwanza yake, kisha yangu. Nitapokea upesi.

Kaka yako,
Hamadi