Utepe Mwekundu Kinamasini

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa ofisi kanipa hadi Ijumaa jioni. Nikithibitisha kwamba vindege vya kinamasini vina viota hai, mfereji unaopangwa kuchimbwa hapa utapitishwa kwingine. Nisipothibitisha, wanachimba. "Viota hai, siyo hadithi," kasema.
Kindege chenyewe hakizidi kidole gumba! Lakini kelele – kutwa tiki-tiki angani. Kiota kinakishona ndani ya majani kwa utando wa buibui. Ukipepesa macho, umekipoteza.

Jumanne, 4 Machi
Viota sita. Kila kimoja nimekifungia utepe mwekundu kwenye jani refu kando yake. Maji hadi magotini, ruba wawili. Nimejipongeza mwenyewe, nani mwingine?

Jumatano, 5 Machi
Tisa. Cha nne kimeangua! Midomo mitatu wazi, eti mimi ndiye mama. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikahesabu – bado siku mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji, mume wa dada, ndiye dereva wa katapila. Kaja kula mchana, kanishukuru kwa kumrahisishia kazi. Kazi gani? Kasema, si nimemfungia utepe njia nzima! Kwao utepe mwekundu maana yake chimba hapa. Kijiko kikanidondoka.
Mimi! Miaka kumi na mbili kazini, sikuuliza! Nikamwambia ni viota. Kasema, shemeji, mimi naambiwa rangi, siambiwi ndege. Na wamemwambia aanze kesho saa moja, hawangoji jioni. Mkuu hapokei simu.

Ijumaa, 7 Machi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi
Nimefungua tepe zote tisa. Afadhali.

Saa moja na robo
Shemeji kazima mashine. Mungu ampe maisha marefu! Kasema nimwonyeshe viota, atavizunguka mpaka mkuu apatikane. Ila haraka, msimamizi yuko njiani.
Nimeingia majanini. Yote sawasawa! Cha kwanza sikioni. Cha nne, chenye makinda – sikioni! Nimefungua daftari hili nitafute mchoro. Hakuna mchoro. Nilitegemea tepe, mjinga mimi, na zote ziko mfukoni.
Kindege kinanizunguka kichwani, tiki-tiki, kwa hasira. Basi makinda yako hapahapa, miguuni pangu. Shemeji anapiga kelele: wapi sasa? Naandika nimesimama kwa mguu mmoja. Wa pili uko juu ya maji, unaniuma, na sijui niushushe wapi.