Ahadi Tuliyompa Josie

Winnipeg, 12 Januari 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na mgongo wako umetulia. Mimi mzima, ila baridi ya huku inachoma pua. Watu wanacheka wakisikia wamisionari tunaitwa "Mzee" na hata ndevu hatujaota.

Nina ombi. Kuna mama tunayemfundisha Injili, Loretta Pruden, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Bintiye Josie, wa miaka saba, ana saratani ya damu. Jana mimi na mwenzangu Stoddard tulimwekea mikono kichwani hospitalini. Baba, maneno yalinitoka yenyewe: nikamwahidi kwa jina la Bwana kwamba atapona, kiangazi atacheza nje. Loretta akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu, "Najua."

Tafadhali mtaje kanisani.

Mwanao,
Ammon

Harrow Creek, Idaho, 23 Januari 1986

Mwanangu Ammon,

Marahaba. Sisi wazima, mgongo unanisumbua asubuhi tu. Mama yako anakusalimu.

Jumapili nilisimama mbele ya waumini kama askofu wao nikawasomea barua yako neno kwa neno. Dada Eudora wa kanisani alilia. Kanisa zima limefunga na kuomba kwa ajili ya Josie. Dukani watu wananishika mkono kana kwamba ni mimi niliyemwombea. Umenipa heshima, mwanangu. Kama unajua, usirudi nyuma hata kidogo.

Baba yako

Winnipeg, 2 Machi 1986

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nawaombea mwe wazima. Mimi mwili tu ndio mzima.

Josie alifariki mwezi uliopita. Tulikwenda kumpa pole mama yake. Alitufungulia akiwa bado na aproni ya kazini. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Ulisema unajua. Ulijuaje?"

Stoddard akanijibia: "Labda imani humu ndani ilipungua kidogo, mama."

Loretta alitutazama, kisha akafunga mlango taratibu.

Nilimchukia Stoddard njia nzima, lakini alisema kile kile nilichofundishwa mimi. Leo ilikuwa zamu yangu ya kutoa ushuhuda. Ile "najua" tunayoanzia wote iligoma kutoka. Nikasema "natumaini," nikaketi. Mkuu wa misheni ameniita: nifunge na kuomba, kisha nimwambie kama ninajua, au nipande ndege nirudi.

Wewe unajuaje, Baba? Nijibu kama baba, si kama askofu.

Mwanao,
Ammon

Harrow Creek, 11 Machi 1986

Ammon,

Barua yako nimeipata. Mama yako sijamsomea.

Baba na askofu ni mtu mmoja. Sina barua mbili za kukuandikia. Najua kama babu yako alivyojua alipong'oa mawe kwenye shamba hili, na sijawahi kuhitaji namna nyingine. Watoto hufa. Mungu haombi ruhusa kwangu wala kwako. Piga magoti mpaka jibu lije, na likikawia, endelea kupiga magoti.

Watu wananiuliza habari za Josie. Nawaambia tunaendelea kuomba. Unaona umeniweka wapi? Ukirudi kabla ya wakati wako, usinitazamie uwanja wa ndege.

Orrin Tolley

Winnipeg, 27 Aprili 1986

Baba,

Shikamoo. Najua mmeshapata habari kwamba nimeacha misheni. Tiketi ya ndege waliyonipa niliirudisha. Nimepanga chumba, na nimepata kazi kwenye kiwanda kile kile cha mikate anakofanya Loretta. Mimi mzima. Mwambie Mama ninakula.

Nilikwenda kwa Loretta peke yangu. Nikamwambia naomba msamaha. Akasema, "Usiniombe msamaha kwa kumwombea mwanangu. Alilipenda lile ombi lako. Niombe msamaha kwa kuniambia unajua." Nikamwomba huo. Akanipa viazi nimenye.

Bado naomba, Baba. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Siahidi kitu kwa jina la yeyote. Namwambia Mungu ninachokiogopa, kisha nanyamaza. Wakati mwingine nahisi kuna anayesikiliza, wakati mwingine ni ukuta tu, na bado nakaa. Hiyo ndiyo imani niliyobaki nayo. Nimeishika kwa mikono yangu mwenyewe, na siwezi kuibadilisha ili nipate pa kurudi.

Mwanao, kama bado,
Ammon

Harrow Creek, 20 Mei 1986

Mwanangu Ammon,

Marahaba. Hapa tu wazima. Mama yako amezisoma barua zako zote kwa pamoja, na siku hiyo hakusema nami neno.

Juzi niliitwa kwa Eudora, anaumwa kifua. Nilimwekea mikono. Nilikuwa karibu kumwambia atapona, ulimi ukawa mzito. Nikamwomba Mungu amponye, nikaishia hapo. Mumewe akasema, "Askofu, leo umefupisha." Nikamwambia nimesema nilichonacho.

Mimi bado najua, Ammon. Sitakudanganya. Nadhani umekosea, na tukikutana nitakwambia hivyo usoni.

Lakini Jumapili nilisimama mbele ya wote nikawaambia yule mtoto amefariki, tangu Februari, na kwamba mimi nilijua nikawaacha waendelee kufunga. Wengine hawanisalimu sasa. Viazi vimeshapandwa, kwa hiyo mimi na Mama yako tunakuja na gari. Hatuji kukurudisha. Muulize Loretta kama ataniruhusu nifike kaburini kwa Josie. Nilimwombea majuma yote yale, na sijamlilia.

Baba yako